Mstari Usiokuwa na Alama: kisa cha bi mkubwa aliyelishwa kwa haraka

Majibu ya damu yalifika wodini kabla ya mgonjwa mwenyewe. Damu ilitolewa katika zahanati moja ya kisiwa cha Pate, ikatiwa kwenye kisanduku cha barafu, ikasafirishwa kwa mashua hadi Lamu kupimwa, naye mgonjwa akabaki nyuma akingoja maji yajae, kwani mlango wa bahari wa Mkanda haupitiki vyema maji yakiwa yamekupwa. Alipofikishwa kwetu siku ya pili yake, akiwa amebebwa kwenye kiti kutoka gatini, tulikuwa tumekwisha kuisoma karatasi yake na kila mmoja ana rai yake. Hapo ndipo kosa lilipoanzia, maana tulimjua kwa tarakimu kabla ya kumjua kwa macho.

Nimebadili mambo machache ili mhusika asitambulike, na kijiji chake sikitaji. Ni bi mkubwa wa miaka sitini na kitu, aliyekuwa akimalizia eda ya mumewe. Katika miezi ile minne alikula kwa shida, kwanza kwa huzuni na baadaye kwa maradhi. Wiki nane kabla ya kufika kwetu alikuwa akikuna nazi, mbuzi ikamponyoka na meno yake ya chuma yakamchana muundi. Jeraha likaoza, likatoa usaha, likafuatwa na homa na kichefuchefu. Bintiye alitueleza kwamba kwa siku kumi na mbili za mwisho mama hakutia tumboni ila chai ya rangi na tende mbili tatu. Kadi yake ya kliniki ya miezi minne nyuma ilionyesha kilo 46, na mizani yetu ikaonyesha kilo 37, yaani alikuwa amepoteza takriban asilimia 20 ya uzito wake. Kwa urefu wa mita 1.54, BMI yake, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, ilikuwa 15.6. Hata hizo kilo 37 hazikuwa zake zote, kwa sababu vifundo vya miguu vilikuwa na maji: ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki.

Karatasi ile ya kwanza ilisomeka hivi. Albumini, protini ya damu, gramu 22 kwa lita, alama ya chini. Hemoglobini 9.4, alama ya chini. Kalisiamu milimoli 1.94 kwa lita, alama ya chini. Sodiamu 131, alama ya chini. Kreatinini mikromoli 41, alama ya chini. Potasiamu 5.6, alama ya juu. CRP, kipimo cha mwako wa mwili unaopambana na maradhi, miligramu 118 kwa lita, alama ya juu. Na katikati ya safu hiyo ya alama palikuwa na fosfeti, milimoli 1.12, ambayo haikutiwa alama yoyote kwa kuwa kiwango cha kawaida ni kati ya 0.8 na 1.5. Jicho hukimbilia penye alama. Mstari usio na alama huhesabiwa kuwa umekwisha kujibiwa, na katika kisa hiki mstari huo ndio uliokaribia kumtoa roho.

Nianze na albumini, kwa kuwa ndiyo iliyozungumzwa zaidi kitandani pake. Daktari kijana wa zamu aliona 22 akasema mgonjwa hana protini mwilini, na familia ikaipokea kauli hiyo kama ilivyo. Rai hiyo si ngeni. Kwa miongo mingi vitabu vya tiba viliichukulia albumini kuwa kipimo cha lishe. Lakini albumini hutengenezwa na ini na hudumu katika damu kwa muda mrefu, nusu yake ikihitaji takriban siku 20 kutoweka, kwa hiyo mlo wa juma hili hauwezi kuonekana ndani yake juma hilihili. Linaloishusha kwa haraka ni mwako wa mwili unaopambana na uambukizi: ini huacha kutengeneza albumini kwa wingi na kugeukia protini za kujihami, na kuta za mishipa midogo hulegea, albumini ikavuja kwenda kwenye nyama. Ndiyo sababu mtu aliyekonda kwa njaa tupu, asiye na homa wala kidonda, huweza kuwa na albumini ya kawaida mpaka hali iwe mbaya mno, ilhali mnene aliyekula jana akashikwa na nimonia leo hupatikana na albumini ya chini keshokutwa. Mwaka 2021 jumuiya ya Marekani ya wataalamu wa lishe ya mishipa na mirija, ASPEN, ilichapisha msimamo wake kwamba albumini na prialbumini zisitumiwe kupimia lishe, bali zichukuliwe kama dalili za mwako. Kwa bi mkubwa huyu, CRP ya 118 ilikuwa imekwisha kutueleza kwa nini albumini ni 22. Kukonda kwake kulijulikana kwa mizani, kwa kadi, kwa mabega yaliyobaki mifupa na kwa mkono ulioshindwa kufungua kifuniko cha chupa ya chai.

Bintiye alinikabili siku ya kwanza, sauti ikiwa ya chini lakini imekaza. "Daktari, damu yasema mama hana protini. Mbona mwampa vijiko?"

Nilimwambia, "Dadangu, mwili wake umefunga duka. Tukimimina shehena yote mlangoni kwa siku moja, tutamuumiza." Aliitikia kwa adabu, lakini sikuwa nimemshawishi, na leo naona kwamba sikumpa sababu ya kutosha.

Potasiamu ilikuwa fumbo la pili. Mgonjwa anayetapika, asiyekula, mwenye misuli iliyolegea, hutarajiwi umkute na potasiamu ya 5.6, hasa ikiwa anapata mkojo na moyo wake kwenye mchoro wa umeme hauna dalili yoyote ya potasiamu kuzidi. Nilimwomba mtaalamu wa maabara anionyeshe chupa yenyewe, naye akanitolea bila kusita. Seramu, ambayo inapaswa kuwa na rangi ya manjano iliyofifia, ilikuwa nyekundu kama sharubati ya ukwaju iliyotiwa rangi. Seli nyekundu zilikuwa zimepasuka. Ndani ya seli hizo potasiamu ni nyingi mara nyingi zaidi kuliko katika majimaji ya damu, na fosfeti na magnesiamu nazo zimo humo. Zikipasuka, vyote humwagika kwenye kile kinachopimwa. Barafu nayo ilichangia. Damu ambayo haijazungushwa kwenye mashine na kutenganishwa, ukiitia kwenye baridi, pampu za kwenye ngozi ya seli husimama na potasiamu huvuja nje hata kama hakuna seli iliyopasuka. Mtu wa zahanati alidhani anaihifadhi damu kama anavyohifadhi chanjo, na kwa kweli hakuna aliyemfundisha vingine. Kwenye visiwa vyetu, ambapo kati ya mkono uliochomwa sindano na mashine ya kupimia kuna saa kadhaa za bahari, jambo hili linastahili kuandikwa kwa herufi kubwa juu ya kila kisanduku: tenganisha kwanza ndani ya saa mbili, ndipo upoze.

Tulitoa damu upya jioni ileile, bila kukaza mpira kwa muda mrefu na bila kumwambia akunje na kukunjua ngumi, ikatenganishwa ndani ya saa moja. Potasiamu ikawa 3.2, magnesiamu 0.66, na fosfeti 0.74. Ile 1.12 iliyotulaza usingizi ilikuwa fosfeti ya seli zilizopasuka njiani.

Sasa hali ya hatari ilikuwa wazi. Mwongozo wa taasisi ya NICE ya Uingereza wa mwaka 2006 unamhesabu mgonjwa kuwa katika hatari kubwa ya madhara ya kulishwa upya, yaani yale yanayompata mwenye njaa ya muda mrefu akianza kulishwa, akiwa na hata moja kati ya haya: BMI chini ya 16, kupungua uzito kwa zaidi ya asilimia 15 katika miezi mitatu hadi sita, kutokula au kula kidogo sana kwa zaidi ya siku 10, au potasiamu, fosfeti au magnesiamu ya chini kabla ya kulishwa. Bi mkubwa alikuwa nayo yote manne. Mwongozo unaelekeza aanzishwe kwa kisichozidi kilokalori 10 kwa kilo ya uzito kwa siku, kipandishwe taratibu kwa siku nne hadi saba, na apewe thiamini, yaani vitamini B1, kabla na wakati wa kuanza. Kilo 37 mara kumi ni kilokalori 370. Nikapanga maziwa ya tiba F-75, ambayo kila mililita 100 ina kilokalori 75: mililita 60 kila baada ya saa tatu, mara nane kwa siku, jumla kilokalori 360. Thiamini miligramu 300 kwa siku ilianza usiku ule. Potasiamu ya kunywa ikaanza. Fosfeti ya 0.74 tuliiona imepungua kidogo tu, tukasema tutaitazama.

Siku ya tatu asubuhi nilikuta furaha kitandani. Mizani ilikuwa imepanda hadi kilo 38.9. "Amenenepa, alhamdulillahi," alisema bintiye, na muuguzi aliyempima alikuwa akitabasamu. Lakini kupata kilo 1.9 kwa siku mbili haiwezekani kuwa nyama wala mafuta. Kilo moja ya mafuta ya mwili hubeba takriban kilokalori 7,700, na huyu hakuwa amepewa hata robo ya hapo kwa mpango wangu. Nilimfunua miguu. Uvimbe ulikuwa umepanda kutoka vifundoni hadi magotini. Mapigo ya moyo yalikuwa 118 kwa dakika, pumzi 26, na alipojibu salamu yangu ilimbidi apumzike kati ya neno na neno. Damu iliyotolewa saa ileile ilionyesha fosfeti 0.38, potasiamu 2.9 ijapokuwa alikuwa akipewa ya ziada, na magnesiamu 0.51. Makubaliano ya ASPEN ya mwaka 2020 yanasema fosfeti, potasiamu au magnesiamu ikishuka kwa zaidi ya asilimia 30 ndani ya siku tano za kuanza kulishwa, hayo ni madhara makali. Fosfeti yake ilikuwa imeshuka kwa karibu nusu.

Lakini kwa kilokalori 360? Swali hilo ndilo lililonifanya niinue macho kutoka kwenye karatasi na kutazama mti wa dripu. Palining'inia chupa ya dekstrosi, yaani maji ya sukari, ya asilimia 5, kama ilivyokuwa imening'inia tangu zahanatini, kwa nia njema ya kumtia nguvu. Lita mbili kwa siku ni gramu 100 za glukosi, yaani kilokalori 340, na mimi sikuzihesabu hata moja kwa sababu nilihesabu kilichopita kinywani peke yake. Kosa hili ni langu. Kisha nilimuuliza bintiye kwa upole, bila ya kumshutumu, kama mama alikula kingine, naye akafunua sefuria: uji wa mchele wenye tui zito na sukari, bakuli moja asubuhi na moja usiku. Kwa makadirio yangu ni kilokalori 400 kwa siku. Ukijumlisha, alikuwa akipokea takriban 1,100, sawa na kilokalori 30 kwa kilo, mara tatu ya tulichoandika kwenye faili.

Yanayotokea ndani ya mwili katika hali hii nataka niyaeleze kwa utaratibu, kwa kuwa hapa ndipo wengi tunapoona ajabu kwamba chakula kinaweza kudhuru. Mwili ulioshinda na njaa kwa siku nyingi huishi kwa mafuta yake na hutuliza insulini. Fosfeti, potasiamu na magnesiamu hupungua polepole kutoka ndani ya seli, lakini kiwango cha kwenye damu hubaki karibu na kawaida, mithili ya duka lililobakiza bidhaa za mbele ya rafu tu huku ghala ni tupu. Sukari ikiingia kwa ghafla, insulini hupanda na kuzisukuma seli zipokee glukosi. Ili kuitumia glukosi hiyo seli hudai fosfeti, na pamoja nayo huvuta potasiamu na magnesiamu. Zile kidogo zilizokuwa kwenye damu huingia ndani kwa saa chache. Msuli wa moyo na misuli ya kupumulia, ambayo haifanyi kazi bila fosfeti, hudhoofika wakati uleule figo zinapozuia chumvi na maji kwa amri ya insulini hiyohiyo. Thiamini nayo huhitajika katika kuichoma glukosi, na akiba yake mwilini ni ya wiki chache tu. Ndiyo maana dekstrosi kabla ya thiamini ni hatari kwa ubongo. Madaktari waliyaona haya kwa wingi mwishoni mwa Vita vya Pili vya Dunia, mateka waliookolewa walipopewa chakula kingi wakafa baada ya kuokoka. Kwa hiyo fosfeti ya siku ya kwanza haitabiri ya siku ya tatu. Kipimo hicho lazima kirudiwe kila siku kwa siku za mwanzo, na mwenye kukisoma lazima ajue mgonjwa ameanza kupata sukari saa ngapi na kwa njia zipi zote.

Tulitoa dekstrosi. Chakula tulikirudisha kwenye F-75 peke yake bila kupandisha, na kukisimamisha kabisa hatukutaka. Magnesiamu tuliipata wodi ya wazazi, ambako huwekwa kwa ajili ya kifafa cha mimba, na tulianza nayo kwa sababu potasiamu haikai mwilini wakati magnesiamu ni pungufu. Fosfeti ya mshipa haikuwapo katika famasi yetu. Ilifika usiku kutoka bara kupitia Mokowe, na hadi hapo tulimpa maziwa ya ng'ombe yaliyotolewa mafuta kwa vipimo vidogo, tukipunguza F-75 kwa kadiri hiyo, kwa kuwa maziwa yana fosfeti nyingi. Dozi tuliyolenga ni kati ya milimoli 0.3 na 0.6 kwa kilo kwa siku, ikipita polepole huku moyo ukitazamwa.

Hapa kalisiamu ilitaka kututia katika shimo jingine. Yule daktari kijana alikuwa ameandika sindano ya kalisiamu kwa ile 1.94 yenye alama ya chini. Lakini sehemu kubwa ya kalisiamu ya damu husafiri imeshikamana na albumini, na albumini ikiwa chache, jumla hupungua bila ya kalisiamu yenyewe inayofanya kazi kupungua. Kwa hesabu ya kawaida huongezwa 0.02 kwa kila gramu ya albumini iliyo chini ya 40: hapa ni gramu 18, yaani 0.36, na jumla ni 2.30, iliyo sawa kabisa. Si hesabu kamilifu, hasa kwa mgonjwa mahututi, lakini ilitosha kutuzuia kupitisha kalisiamu na fosfeti katika mrija mmoja, ambako hugandana na kuwa kama chokaa.

Mengine nitayapitia kwa ufupi. Kreatinini ya 41 haikuwa habari njema ya figo. Kreatinini hutokana na misuli, na mwenye misuli michache huonyesha kidogo hata figo zikiwa zimechoka. Feritini, protini inayohifadhi chuma mwilini, ilikuwa mikrogramu 62, na mtu angesema chuma kipo. Feritini hupanda wakati wa uambukizi, kwa hiyo Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linaweka mpaka wa 70 kwa mtu mzima mwenye mwako badala ya 15 ya mtu mwenye afya. Alikuwa na upungufu wa chuma, ila vidonge vya chuma tulivichelewesha mpaka uambukizi ulipotulia.

Siku ya tano fosfeti ilikuwa 0.61, na siku ya saba 0.88, potasiamu 3.9, magnesiamu 0.78. Tukaanza kupandisha: kilokalori 15 kwa kilo, kisha 20, kisha 25, na siku ya kumi na moja tukafika 30, tukiingiza samaki wa kuchemsha, mayai, mbaazi na ule uji wa bintiye, safari hii ukipimwa kwa bakuli letu. Jeraha lilikuwa limesafishwa chumba cha upasuaji na dawa za kuua vijidudu zimeshika. Siku ya kumi mizani ilionyesha kilo 36.1, pungufu ya kilo 2.8 kutoka ile siku ya furaha, na familia ikashtuka. Nilimshika bintiye mkono, nikauweka kidole chake juu ya kifundo cha mama akabonyeza mwenyewe. Shimo halikubaki. Alinitazama, akaelewa kabla sijasema lolote.

Siku ya kumi na sita CRP ilikuwa 14 na albumini 28. Wengine wodini walisema mayai yamefanya kazi. Mimi naona albumini ilianza kupanda CRP ilipoanza kushuka, siku ambazo mgonjwa alikuwa bado anakula chini ya nusu ya mahitaji yake, na mayai hayajafika kitandani. Fosfeti ilikuwa 1.05 katika seramu ya manjano isiyo na wekundu. Jioni yake bi mkubwa aliiomba chupa ya chai, akaifungua kifuniko mwenyewe kwa mkono wa kulia, akanimiminia mimi kwanza.

Katika barua ya kumrudisha zahanatini niliandika uzito wa kilo 36.9, mlo wa kila siku kwa vipimo vya bakuli na kijiko, na tarehe ya kuanza vidonge vya chuma. Kisha nikaongeza mistari miwili kwa mkono: albumini ya 28 isifukuziwe kwa dripu wala sindano, itafuata kidonda kikifunga, na damu ikitolewa tena kisiwani, itenganishwe kabla haijapanda mashua.